Binti wa miaka 13 na elki jike wa Colorado: .243, 6.5 Creedmoor au 7mm-08?

#1 Baba Rehema
Wakuu salaam. Binti yangu ana miaka 13 na kilo 43. Kozi ya usalama wa uwindaji amemaliza, kadi anayo, na mwaka huu kapata kibali cha elki jike, msimu wa bunduki wa Oktoba, upande wa Meeker. Kwa wasiomjua elki: ni paa mkubwa wa milima ya huku, jike ana kilo 220 na kitu, dume huvuka 300.

Nimeingia duka moja, muuzaji kanishushia bunduki ya .300 Winchester Magnum, anasema elki ni mnyama mgumu usimfanyie mzaha. Nikamtazama binti, nikalitazama lile dude, nikalirudisha juu ya kaunta. Kichwani nimebakiza aina tatu za risasi: .243, 6.5 Creedmoor na 7mm-08. Mwenzangu kazini anasema .243 hata hairuhusiwi kwa elki hapa Colorado. Masafa sitampa zaidi ya yadi 200. Naomba ushauri, na kila mtu aje na sababu yake.

#2 Mzee wa Boise
7mm-08. Kichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) cha greni 140, yaani gramu 9, kitu kinatoka mdomoni mwa mtutu kwa futi 2,800 kwa sekunde, na kwenye hizo yadi 200 zako bado kina nguvu ya futi-pauni 1,800 hivi. Wajukuu zangu wawili wameanza nayo huku Idaho, ambako mtoto anaruhusiwa wanyama wakubwa akiwa na miaka 10. Hakuna aliyelia na hakuna elki aliyeondoka. Nunua, funga mjadala.

#3 Kisu Kikali
Mwenzako kazini yuko sahihi. Colorado wanataka kaliba (kipenyo cha kichwa kwa inchi) .25 kwenda juu kwa elki. .243 ni ya swala na mbweha.

#4 Mama Wawili Denver
Kisu Kikali hapo #3 si kweli, tusimpotoshe mleta mada. Kitabu cha kanuni cha Colorado kinasema kaliba isiwe chini ya .24, mtutu usipungue inchi 16, kichwa kiwe cha kupanuka, na kwa elki na musi (mnyama mkubwa kuliko elki) kiwe na greni 85 au zaidi. Halafu kwenye yadi 100 kiwe kimebaki na futi-pauni 1,000 kwa vipimo vya kiwanda. .243 yenye kichwa cha greni 100 inapita vigezo vyote hivyo. Zile za greni 58 za kupigia mbwa mwitu wa nyikani hazipiti, na dukani zinakaa rafu moja, kwa hiyo soma boksi.

Na kwa kuwa binti hajafika 16, mtu mzima lazima awe naye, wanaonana na kusikilizana bila redio. Vesti na kofia ya rangi ya chungwa kali au waridi kali, wote wawili.

#5 Kisu Kikali
Sawa mama, sheria nimeiona. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kutosha ni jambo jingine. Sheria inakupa sakafu. Mimi mtoto wangu simpeleki kwa mnyama wa kilo 220 na kichwa cha gramu sita na nusu.

#6 Papa Furaha, Missoula
Bandugu, jambo. Huku Montana hakuna kipimo cha kaliba hata kidogo kwa bunduki ya wanyama wakubwa, kila mutu na akili yake. Mimi nilifika hapa kutoka Uvira sijawahi kushika bunduki ya uwindaji, jirani yangu mzee ndiye alinifundisha. Mtoto wangu wa kike alianza na .243, akapiga jike mbavuni, masafa ya karibu sana, yule nyama akatembea kidogo na kuanguka mbele ya macho yetu. Kwa hiyo wasiseme haiwezi. Inaweza. Swali ni mtoto anaweza kungoja mpaka nyama ageuke vizuri?

#7 Fundi Baruti
Naomba tuweke namba mezani, maana kuhusu teke, yaani bunduki inavyokurudi begani, watu husema "teke kubwa", "teke dogo" na hakuna kipimo. Kwa bunduki ya pauni 8 pamoja na darubini, teke linakuwa takribani hivi kwa futi-pauni: .243 ni 9, 6.5 Creedmoor 12, 7mm-08 13, .308 kwenye 17, .30-06 kwenye 20, na ile .300 Win Mag ya muuzaji wako inafika 27. Yaani alitaka kumpa mtoto wa kilo 43 mara tatu ya teke la .243.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wazazi wengi huiruka. Hizi bunduki za vijana zenye kitako kifupi, mfano Ruger American Compact, ni nyepesi. Kitako kinamfaa mtoto, inchi 12 na nusu kutoka nyuma hadi kwenye kifyatulio, vizuri kabisa. Ila uzito ukishuka teke linapanda kwa kiwango hichohicho. Ichukue 7mm-08 ya 13, iweke kwenye bunduki ya pauni 6 na nusu, unapata 16. Umenunua 7mm-08, mtoto anapokea kitu cha jirani na .308. Kwa hiyo ukiniuliza "kaliba gani", nitakuuliza kwanza "bunduki ya uzito gani".

#8 Mkenya wa Minnesota
Fundi ameongea. Mimi nilitoka nyumbani nikijua bunduki ni ya askari tu, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977 na wengi wetu hatujawahi kuona mtu akiwinda kihalali. Kuja huku naona mtoto wa darasa la saba akibeba rifle na babake, nilishtuka. Sasa na mimi nimo. Huku kwetu ni kulungu wa mkia mweupe zaidi, kwa hao .243 inatosha na kubaki. Elki sijui, nasoma.

#9 Tembo Mweusi
Mnajadili .243 na 7mm wakati mwindaji wa zamani Karamojo Bell alimaliza tembo wa Karamoja, Uganda, kwa 6.5 ndogo. Tembo! Halafu mnaniambia elki mgumu?

#10 Porini Rungwa
Tembo Mweusi, ile hadithi inanukuliwa vibaya kila mara. Bell kweli alitumia 6.5 ya Mannlicher, lakini bunduki aliyojulikana nayo zaidi ni .275 Rigby, ambayo ndiyo 7x57 ya Mauser ya mwaka 1892. Na alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, akilenga ubongo, akiwa amepasua mafuvu ya tembo na kuyachunguza mpaka akajua ubongo ulipo kwa kila pembe. Ukimpa mtoto wa miaka 13 mfano huo unampa nini? Kwa elki kichwa kisichopanuka hakiruhusiwi hapo Colorado, na hakifai.

Mimi niko kazini Tanzania kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii. Huku kwa wanyama hatari tunaanzia .375, hilo halina mjadala. Lakini nitawaambia ninachokiona: mteja anashuka na libunduki jipya, tunampeleka kwanza kwenye karatasi kabla ya kwenda porini. Namsogelea ubavuni, siangalii karatasi, naangalia jicho lake na kidole. Anafumba jicho nusu sekunde kabla ya mlio, bega linasogea mbele. Huyo hata ukimpa nyumbu kasimama wima atampiga tumbo. Mteja mwingine anakuja na .270 kuukuu imechakaa rangi, anapiga nyumbu mmoja risasi moja, tunapakia. Uzito wa nyumbu na wa elki jike haupishani sana.

#11 Mzee wa Boise
Kumbe 7x57. Basi jueni 7mm-08 ni mjukuu wa hiyo: kichwa kilekile, kasi inakaribiana. Remington waliitoa 1980 kwa kubana shingo la ganda la .308. Narudi pale pale.

#12 Bucha la Mlimani
Naingia kwa mlango wa nyuma. Nafanya kazi kwenye bucha linalochakata nyama za kuwindwa, Oktoba na Novemba tunapokea elki mpaka usiku. Mimi siangalii boksi la risasi, naangalia tundu.

Nikimchuna elki ninaona kila kitu. Aliyepigwa nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini, mapafu yamekuwa uji, nyama yote salama, na tundu la kuingilia lina ukubwa wa ncha ya kidole, manyoya yamekatwa duara. Siwezi kukuambia ni .243 au .300. Aliyepigwa juu ya mfupa wa bega kwa magnumu (risasi yenye nguvu nyingi) kwa karibu, mkono wa mbele wote tunatupa, damu imeingia kati ya misuli mpaka shingoni. Na aliyepigwa tumbo harufu inafika kabla hujafungua lori. Huyo tumbo nimemwona akiwa amepigwa na kaliba zote, na nyingi ni kubwa.

Kinachotofautisha ni kichwa. Chini ya ngozi ya upande wa pili mara nyingi tunaokota kichwa kilichosimama. Vya shaba tupu vinakuwa vimefunguka petali nne, uzito karibu uleule. Vya madini laini ya risasi vya bei chee kwenye .243 naviokota vikiwa vipande kama ukucha, vimeishia kwenye mbavu au bega bila kufika ndani. Kwa hiyo Kisu Kikali ana hoja, ila kosa si la kaliba peke yake.

#13 Mama Wawili Denver
Bucha, mchango wako huo ni wa kuhifadhi. Swali: kwa .243 ungemwambia mtu atumie kichwa gani?

#14 Bucha la Mlimani
Chenye ukuta ndani au cha shaba. Nosler Partition ya greni 100 au Barnes ya 85. Partition ndiyo dawa ya zamani, John Nosler aliitengeneza baada ya vichwa vyake kupasukia juu ya ngozi ya musi miaka ya arobaini. Ina ukuta katikati: sehemu ya mbele inapanuka, ya nyuma inaendelea na safari. Cha laini cha kulungu usimpigie elki, hata kama boksi lina picha ya pembe.

#15 Kisu Kikali
Kwa hiyo hata Bucha anakubali .243 inahitaji kichwa maalumu, pembe maalumu, masafa maalumu, na mtoto mwenye subira ya mzee. 7mm-08 au 6.5 inasamehe kidogo. Mtoto ndiye anayehitaji kusamehewa kuliko sisi wote.

#16 Papa Furaha, Missoula
Hapana ndugu. Bunduki haisamehe. Tumbo ni tumbo. Bucha amesema hapo #12.

#17 Kisu Kikali
Sizungumzii tumbo. Nazungumzia jike anayesimama ameelekea mbele kidogo, bega liko njiani. .243 inaweza kuishia kwenye mfupa, 7mm inapita na kufika mapafuni. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka kuilipia.

#18 Umeå
Salamu kutoka Sweden. Huku tunawinda musi, huyo mwenye pembe bapa, mkubwa kuliko elki wenu, na watu wengi sana wanatumia 6.5x55, risasi ya mwaka 1894. Sheria ya Sweden kwa daraja la musi inataka kichwa cha gramu 9 na juuli 2,700 kwenye mita 100, au ukipanda gramu 10 basi juuli 2,000 zinatosha. Ndiyo maana huku utakuta 6.5 yenye kichwa kizito cha greni 156, gramu 10 na kidogo. Kirefu, chembamba, kinakwenda pole na kinapenya. Shemeji zangu hawajui ugomvi wa kaliba, wanabishania mbwa.

Kwa maana hiyo 6.5 Creedmoor ni ileile, mwambie anunue na hata za 6.5x55 atatumia.

#19 Fundi Baruti
SIMAMA hapo. Umeå, kipenyo cha kichwa ni kilekile lakini maganda ni tofauti kabisa. 6.5x55 ni ndefu na pana zaidi kwenye kitako cha ganda, haiingii kwenye Creedmoor, na mtu asijaribu kuilazimisha. Mleta mada, risasi iandikwe sawasawa na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, neno kwa neno. Hilo na binti alijue kwa moyo.

#20 Umeå
Asante kwa kuliweka wazi, nilimaanisha kazi zao zinafanana. Mtutu kwanza.

#21 Mzee wa Boise
Tena Sweden musi wanapigwa kutoka kwenye vibanda na kwa mbwa, mara nyingi chini ya mita 100. Huku elki anakutokea upande wa pili wa korongo, upepo unavuma, wewe umepanda mpaka futi elfu tisa na moyo unadunda masikioni. Si kazi moja.

#22 Umeå
Mleta mada amesema yadi 200 mwisho. Nimejibu swali lake.

#23 Mwl. Zuhura
Mimi si mwindaji wa siku nyingi, ila nimefundisha watoto shabaha kwenye klabu, na naona mada imekaa kwenye bunduki, mtoto amesahaulika.

Mtoto wa kwetu halalamiki mbele ya baba. Ukimuuliza "inauma?" atasema "hapana baba, iko sawa." Amelelewa hivyo. Nilikuwa na binti mmoja hapo klabuni, baba yake alimletea .308 nyepesi, kila Jumamosi anasema iko sawa. Siku moja joto limepanda kavua sweta, chini kavaa fulana isiyo na mikono, tukaona bega: alama ya kitako imekuwa ya zambarau na pembeni njano, yaani si ya siku ile. Baba mtu alikuwa amesimama palepale. Kwa hiyo Baba Rehema usimuulize kama inauma. Tazama risasi zake kwenye karatasi. Zikianza kushuka chini na kwenda pembeni, mwili umeshakujibu.

Jaribio ninalolitumia: mimi ndiye napakia. Kati ya risasi za kweli nachomeka ganda la bandia lisilolipuka, yeye hajui lipo wapi. Akifyatua la bandia na mtutu ukatulia, tunaendelea. Mtutu ukipiga mbizi, tunaweka ile bunduki pembeni na kurudi kwenye .22 ndogo, na hakuna kugombezwa.

#24 Porini Rungwa
Mwalimu nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hilo jaribio hata kwa wazee linafichua mambo.

#25 Mkenya wa Minnesota
Lakini kwangu shida haikuwa bega, ilikuwa mlio. Nilikuwa nimevaa vizibo vya masikio vya sponji vya kuchomeka, nikaongeza na vya kufunika juu, siku hiyohiyo nikaacha kushtuka. Bunduki ileile.

#26 Fundi Baruti
Kweli, na ndiyo maana nawaogopesha watu na breki ya mdomoni, kile kifaa kinachofungwa mbele ya mtutu. Inapunguza teke sana, lakini mlio unarudi nyuma kwa mtoto na kwa wewe uliyesimama ubavuni. Porini mtu anasahau kuziba masikio, risasi moja tu inatosha kuharibu. Kizuia sauti ni bora, ila kina makaratasi yake na kinaongeza urefu. Mtutu mfupi nao, hizi za inchi 18, una kelele zaidi kuliko wa 22 kwa risasi ileile.

#27 Mama Wawili Denver
Wengine wanasema bega, wengine sikio. Mwanangu ilikuwa darubini. Kitako kilikuwa kirefu kwake, akajivuta mbele ili aone vizuri, ikamgonga juu ya nyusi. Kovu dogo bado lipo. Toka siku hiyo, hata ukimpa .22 alikuwa anarudisha kichwa. Tulikata kitako, tukasogeza darubini, ikachukua msimu mzima kumrudisha.

#28 Abu Salma
Samahani naichepusha mada kidogo. Sisi tunaokula halali, huyu elki mnafanyaje? Risasi inamuua kabla hujamfikia.

#29 Papa Furaha, Missoula
Mimi mkristo, nangoja jibu pia, juu jirani yangu wa Kisomali huwa ananiuliza akitaka nyama.

#30 Mwl. Zuhura
Tulivyofundishwa: unapiga Bismillah unapofyatua, na wewe ni Mwislamu unayewinda kwa nia hiyo. Risasi ikichoma na kutoa damu, akafa kabla hujamfikia, masheikh wengi wa sasa wanasema ni halali. Ukimkuta bado ana uhai, unamchinja. Kwa hiyo binti wa Baba Rehema kama ndiye anayefyatua, yeye ndiye aseme, si baba. Kwa undani muulize sheikh wako, Abu Salma.

#31 Abu Salma
Shukran. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka risasi moja safi. Endeleeni.

#32 Kisu Kikali
Turudi. Kuna ile kanuni ya futi-pauni 1,500 kwa elki. .243 ya greni 100 kwenye yadi 200 imebaki na 1,300 hivi. Haijafika. 6.5 na 7mm-08 zote ziko 1,800. Kanuni ni kanuni.

#33 Bucha la Mlimani
Kanuni ya nani? Colorado ni 1,000 kwenye yadi 100, Mama Wawili kaiweka hapo #4. Hiyo 1,500 ni mazoea ya waandishi wa magazeti ya uwindaji. Mnyama hafi kwa namba ya futi-pauni, anakufa kwa kukosa damu na hewa. Nimechuna waliopigwa kwa nishati kubwa sana miguuni.

#34 Kisu Kikali
Mazoea ya wazee yana sababu yake.

#35 Bucha la Mlimani
Na visu vyangu vina sababu yake pia.

#36 Baba Rehema
Wakuu, nimesoma yote, asanteni sana. Mwl. Zuhura, ile ya "iko sawa baba" imenigusa, maana ndilo neno lake hasa. Maswali mawili. Mosi, .30-06 ya kaka yangu ipo, haitumiki, je kuna namna ya kuipunguza makali badala ya kununua mpya? Pili, 6.5 na 7mm-08 naona mnazipa namba zilezile. Ipi basi?

#37 Fundi Baruti
La kwanza: ipo. Hornady wana risasi zenye teke dogo, Custom Lite, kwa .30-06 na nyingine. Na kwa anayejaza risasi mwenyewe, baruti ya H4895 ndiyo ambayo Hodgdon wenyewe, kampuni inayoiuza, wanaruhusu kuishusha hadi asilimia 60 ya kipimo cha juu kabisa. Hiyo tu. Baruti nyingine za polepole ukizishusha kiholela zinaweza kupandisha presha ghafla na kupasua bunduki, kwa hiyo msiige kwa kuonja. Kasi ikishuka, masafa nayo yashuke: chukua kichwa laini zaidi, kaa yadi 150 kurudi chini. Lakini kitako cha kaka yako ni cha mtu mzima. Teke utalipunguza, urefu je? Hadithi ya Mama Wawili ndiyo hiyo.

La pili: kwenye yadi 200 elki hawezi kuzitofautisha. 6.5 Creedmoor risasi zake utazikuta karibu kila duka mpaka vijijini, za aina nyingi. 7mm-08 ina kichwa kipana kidogo na wapenzi wake ni wabishi kama Mzee wa Boise.

#38 Mzee wa Boise
Wabishi wenye nyama kwenye friza.

#39 Umeå
6.5. Teke pungufu kidogo, kichwa kirefu, kinapenya.

#40 Porini Rungwa
Mimi ningemwazima zote mbili kabla ya kununua. Zifunikwe majina kwa tepu, asijue ipi ni ipi, apige kutoka kwenye kukaa na kuegemea begi, si kwenye meza. Mezani bega linabanwa mbele na teke lote linaishia hapo. Ukikaa chini mwili unasogea nalo. Na porini hakuna meza.

#41 Mkenya wa Minnesota
Umri wa kununua? Binti anaweza kuandikishwa?

#42 Mama Wawili Denver
Hapana, dukani hapa Colorado bunduki ndefu ni kuanzia 21, na mnunuzi ni baba. Na kwa wageni wasome vizuri: mwenye ukaazi wa kudumu hana shida, ila aliye kwa viza ya muda haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi isipokuwa anaingia kwenye misamaha, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Usiende kwa kubahatisha, faili lako la uhamiaji ni muhimu kuliko elki.

#43 Papa Furaha, Missoula
Baba Rehema, kaliba yoyote utakayochukua, mfundishe pembe za nyama. Mimi nilichora kwenye kartoni elki wa ukubwa wa kweli, nikaweka nyuma ya nyumba, nikawa namgeuza: ubavu, nusu nyuma, nusu mbele, mgongo. Mtoto anaonyesha kwa kidole risasi itapita wapi mpaka upande wa pili. Akigeuzwa mgongo au kifua cha mbele, jibu sahihi ni "sipigi". Nilimpa soda kila aliposema "sipigi" mahali panapostahili.

#44 Kisu Kikali
Hapo Papa Furaha tumekutana. Na akigeuka nusu nyuma, alenge mguu wa mbele wa upande wa pili.

#45 Baba Rehema
Jirani ana Creedmoor yenye kitako kifupi, na jamaa wa msikitini ana 7mm-08 ya uzito wa kawaida. Jumamosi tunakwenda na zote mbili, tepu nimeshanunua. Maganda ya bandia nayo. Mwalimu, mpakiaji nitakuwa mimi au nimpe mtu mwingine?

#46 Mwl. Zuhura
Mpe mwingine. Na wewe simama mbali kidogo, nyuma, asikuone.

#47 Fundi Baruti
Pima uzito wa zote mbili na darubini zake kabla hamjaanza. Hiyo Creedmoor fupi ikiwa pauni 6 na nusu na 7mm-08 ikiwa 8, teke litakuwa linawadanganya kuhusu kaliba.

#48 Mzee wa Boise
Tupia majibu Jumapili. Nimeshasema ni ipi.

#49 Umeå
Na mimi nimesema.